Barua ya wazi kwa viongozi wa Labour: kura zetu si mali ya urithi

Kwa: Mheshimiwa Keir Starmer, Kiongozi wa Chama cha Labour na Waziri Mkuu wa Uingereza
Na kwa: Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Taifa ya Chama

Desemba 2025

YAH: WAFANYAKAZI WA KIPATO CHA CHINI KUANZA KUANGALIA VYAMA VINGINE

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlezi wa wazee majumbani, huku Midlands ya Mashariki. Nimezaliwa Tanga, nina pasipoti ya Uingereza, nimo katika chama cha wafanyakazi, na ada ya chama chenu hukatwa kwenye akaunti yangu kila mwezi. Mwaka 2024 nilipita mlango kwa mlango na vipeperushi vyenu, nikiwahubiria watu mabadiliko.

Haya nitakayoyasema nimekwisha kuyasema faraghani. Nilimwandikia mbunge wetu, nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa na unathaminiwa. Nilisimama kwenye mkutano wa tawi, mwenyekiti akasema hoja yangu itaingia kwenye mengineyo, na mengineyo hayakufikiwa kwa sababu ukumbi ulikuwa unafungwa. Nimemaliza milango ya ndani. Sasa nabisha hodi barazani, mbele ya watu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wanaonisoma ni wapiga kura, na inaelekea hamlijui hilo. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda anayeishi hapa kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata ya Bunge, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Pasipoti yake ya nyumbani inakubalika kituoni kama kitambulisho. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi ndio wanaolazimika kusubiri uraia. Wengine wetu wameishi hapa miaka bila kulijua hili, na hakuna chama kilichojisumbua kuwaambia. Mkihitaji mtafsiri, waulizeni wanaosafisha ofisi zenu usiku.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmenipiga teke mimi ili mumfurahishe mzee wangu, na mmetupoteza sote wawili.

Kuna mzee ninayemhudumia ambaye ujana wake wote aliumaliza chini ya ardhi akichimba makaa ya mawe. Mashimo ya huku yamefungwa yote. La mwisho Nottinghamshire, Thoresby, lilifungwa 2015. Tangu aanze kupiga kura alikuwa wa Labour, kama baba yake na kama mtaa wake wote.

Julai 2024, hata mwezi haujaisha tangu muingie madarakani, mkatangaza kuwaondolea wastaafu wapatao milioni 10 ruzuku ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, ibaki kwa maskini wa mwisho tu. Mzee wangu hakuhesabiwa maskini wa mwisho. Pensheni yake ya mgodini ilimvusha mstari kwa pauni chache. Asubuhi moja ya Januari nikafungua mlango wake, nikamkuta amekaa kwenye kiti chake amevaa koti zito na kofia ya sufu, blanketi magotini, hita imezimwa, televisheni inawaka. Vidole vyake vilikuwa baridi kiasi kwamba mashine ya kupimia oksijeni haikusoma kitu. Ilibidi niviweke kwanza kati ya viganja vyangu. Huyu ndiye mtu aliyeichimbia nchi makaa. Na ilikuwa ni miezi michache tu tangu magazeti yaandike kuhusu suti na miwani ambazo wakubwa wa serikali yenu walipewa bure na tajiri wa chama. Mzee hana haja ya mchambuzi wa kumwunganishia mambo hayo mawili.

Juni 2025 mkairudisha ruzuku kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Mzee akapata. Sasa dirishani kwake kuna bango la Reform UK, chama cha Nigel Farage kinachopinga uhamiaji. Mbunge wa jirani yetu Ashfield, Lee Anderson, mchimba makaa wa zamani na diwani wenu wa zamani, ndiye aliyekuwa mbunge wa kwanza wa chama hicho, na mzee anamwona kama mtu wa mtaani kwao. Akizungumzia wageni hunigeukia haraka: "Si wewe. Wewe ni mtu mzuri." Wakati huo nimepiga magoti namvalisha soksi.

Ninyi mkadhani tatizo la mzee ni mimi. Mei 12, 2025, Waziri Mkuu akasimama akasema nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Baadaye alisema anajutia maneno hayo, nami nimepokea. Lakini niwaambie kilichotokea nyumbani kwa mzee: hotuba hiyo hata hakuisikia. Anachokumbuka ni hita. Walioisikia ni sisi. Na huyo mzee ninayesemwa simjui, najua anataka sukari ngapi, najua dawa ipi humpa kizunguzungu na mtoto wake yupi hapigi simu. Mshika mbili moja humponyoka, wanasema. Kwenu zimeponyoka zote.

2. Miaka 15.

Februari 2022 serikali ya Conservative ilifungua viza ya kea kwa walezi kutoka nje, kwa kuwa wazee wa nchi hii walikuwa wanakosa mtu wa kuwaogesha. Watu wakaja. Wengine waliuza kiwanja, wengine walikopa kwenye vikoba, kumlipa wakala maelfu ya pauni. Walipofika, wapo waliokuta kampuni ni chumba kimoja na simu isiyopokelewa. Takwimu ni za serikali yenyewe: kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, leseni zaidi ya 470 za waajiri wa kea zilifutwa, na waajiri hao walikuwa na walezi zaidi ya 39,000. Leseni ya mwajiri ikifutwa, anayepewa siku 60 za kupata sponsa mwingine au kufunga mizigo ni mlezi.

Machi 2024 Conservative wakawazuia walezi wapya kuja na mume, mke au watoto. Ninyi mkaliacha katazo hilo kama mlivyolikuta. Julai 2025 mkafunga kabisa kuajiri walezi wapya kutoka nje. Kufunga mlango ni haki ya serikali, hata kama sikubaliani. Lakini Novemba Waziri wa Mambo ya Ndani, Shabana Mahmood, akapendekeza kwamba hata waliokwisha ingia kwa viza hiyo wasubiri ukaazi wa kudumu miaka 15 badala ya mitano. Watu hawa walisaini miaka mitano. Walipanga maisha kwa miaka mitano. Mwenzangu mmoja wa zamu alimwacha mtoto wake wa kiume Eldoret akiwa darasa la pili. Kwa hesabu yenu mpya, siku mama atakapopewa karatasi ya kudumu, mtoto atakuwa na ndevu.

Na katika miaka yote hiyo viza yake imefungwa kwa mwajiri mmoja. Akinyimwa mshahara, akipangiwa zamu mbili mfululizo, akitukanwa, ananyamaza. Nimewaona watu wazima wakinyamaza. Hakuna chama cha wafanyakazi kinachoweza kumtetea mtu anayeogopa hata kupigwa picha kwenye mkutano.

3. Tunalipwa kwa dakika za ndani ya nyumba tu.

Kwa wasioijua kazi hii: simu ya kampuni ina programu. Ukiingia kwa mteja unaskani, ukitoka unaskani. Kilichopo kati ya skani mbili ndicho kazi. Kusubiri basi kwenye mvua, kutembea kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, kukaa kwenye gari lako mwenyewe kwa kuwa mteja wa saa nne yuko hospitali, hivyo ni juu yako. Sheria inasema muda wa kusafiri kati ya mteja na mteja unahesabika katika kima cha chini cha mshahara. Hati ya mshahara inasema lugha nyingine, na imeandikwa kwa namna ambayo hata mhasibu angeomba kalamu. Unatoka kabla jua halijachomoza, unarudi watoto wamelala, halafu unalipwa nusu ya saa hizo. Halmashauri, zikiwamo zenu, bado zinanunua huduma za dakika 15. Jaribuni kumwamsha mtu mwenye umri wa miaka 90, kumpeleka chooni, kumsafisha, kumpa uji na vidonge kwa dakika 15, kisha mniambie heshima yake mmeiweka dakika ya ngapi.

Mliahidi makubaliano ya mishahara ya haki kwa walezi. Ni jambo jema, na nililitangaza mlangoni kwa watu. Sasa tunaambiwa 2028, kwa pauni milioni 500 zitakazogawanywa nchi nzima. Angela Rayner, aliyekuwa naibu wenu hadi Septemba, alifanya kazi hii hii kabla ya siasa. Yeye alijua. Hamwezi kusema hakuna aliyewaambia.

4. Ahadi zinapungua njiani.

Kwenye ilani mlisema mfanyakazi atalindwa dhidi ya kufukuzwa bila haki tangu siku ya kwanza kazini. Mwishoni mwa Novemba mkakubali iwe baada ya miezi sita. Kiwango cha kuanza kukatwa kodi ya mapato, pauni 12,570, hakijasogea tangu 2021 na bajeti yenu imekigandisha hadi 2031; kila nyongeza mnayotupa kwa mkono wa kulia, wa kushoto unaifuata. Julai mlitaka kubana posho ya walemavu hadi wabunge wenu wenyewe walipogoma. Nawajua walezi kadhaa ambao migongo yao iliisha kwenye kazi hii, na leo wanaishi kwa posho hiyo.

5. Watu wetu wana kumbukumbu.

Mwishoni mwa 1967, Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza walianza kuja kwa wingi, baada ya Kenya kubana vibali vya kazi na leseni za biashara kwa wasio raia. Februari 1968 serikali ya Labour ya Harold Wilson, James Callaghan akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ikasukuma sheria ya kuwazuia Bungeni kwa siku tatu. Pasipoti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa ulitakiwa uwe na mzazi au babu wa hapa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza wa Uganda, Halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko. Wakaenda. Leo katika soko la Leicester unaweza kupunguziwa bei ya bamia kwa Kiswahili na bibi aliyekulia Kampala, na mji unajivunia.

Mei 1974 katika kiwanda cha taipureta cha Imperial, hapo hapo Leicester, wafanyakazi wa Kiasia, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waligoma kwa sababu walikuwa wanapunjwa bonasi. Chama chao cha wafanyakazi kikakataa kuutambua mgomo. Miaka miwili baadaye London, katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, Jayaben Desai, mama aliyeishi Tanzania kabla ya kuja hapa, aliongoza mgomo ulioanza Agosti 1976 na kuisha Julai 1978. Mawaziri wa Labour walifika kwenye mstari wa wagomaji kupigwa picha. Mwisho wa yote wagomaji walifunga kula mbele ya makao makuu ya TUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kwa kuona wametelekezwa na waliopaswa kuwa nyuma yao.

Siyataji haya ili niwahukumu kwa dhambi za babu zenu. Nayataja kwa sababu kila mkibanwa, mtu wa kwanza kutupwa nje ya mtumbwi ni yule yule.

6. Kura yenyewe haina uzito sawa.

Julai 2024 mlipata asilimia 33.7 ya kura na viti 411 kati ya 650. Thuluthi moja ya kura, karibu thuluthi mbili ya Bunge. Kura zenu zilikuwa milioni 9.7, chini ya zile milioni 10.3 za 2019 mlizoziita maangamizi. Reform walipata asilimia 14.3 wakaambulia viti vitano. Siwapendi, lakini hiyo si haki. Mkutano mkuu wa Chama, Liverpool 2022, ulipitisha azimio la kutaka viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Liko wapi?

Sasa niwaeleze tunaangalia wapi, kwa kuwa nadhani wanaowaandikia ripoti hawakai vikao vyetu. Kundi letu la WhatsApp ni la michango ya misiba. Mwaka huu limegeuka baraza la siasa hadi admini anakemea watu warudi kwenye jeneza.

Wapo wanaosema Reform. Ndiyo, hata miongoni mwetu: mtu ana pasipoti mfukoni, amekaa miaka 20, anaona waliokuja juzi wanaharibu sifa. Namwuliza kama amesoma walichotangaza Septemba, kwamba watafuta ukaazi wa kudumu na kila mtu aombe viza upya kila baada ya miaka mitano. Hunyamaza, kisha husema angalau wao wanasema wazi. Hicho ndicho kiwango cha chini mlichotufikisha: mtu anamsifu anayetaka kumfukuza kwa kuwa hajifichi. Kwa wenzetu Waingereza ni rahisi zaidi. Durham, kaunti ya wachimba makaa ambayo Labour iliishika kwa karibu karne nzima, Mei mwaka huu Reform walichukua viti 65 kati ya 98 vya halmashauri. Ninyi mlibaki na vinne.

Wapo wanaoangalia Chama cha Kijani. Tangu Zack Polanski achaguliwe kukiongoza mwezi Septemba, nimesikia jina lake likitajwa na watu ambao zamani walidhani Kijani ni chama cha wenye baiskeli za bei mbaya. Anazungumzia kuwatoza matajiri kodi na ughali wa nyumba za kupanga. Wazee wetu wa msikitini na wa kanisani wana mashaka nao kuhusu mambo ya ndoa na malezi, lakini wanamsikiliza, hasa kwa ajili ya Gaza.

Gaza ndiyo iliyowapa wagombea binafsi watano viti Julai 2024, kiongozi wenu wa zamani Jeremy Corbyn akiwamo. Leicester Kusini mliwahi kuiona kama shamba lenu, ikaenda. Corbyn na Zarah Sultana mwaka huu wakaanzisha Your Party, wakagombana hadharani Septemba kuhusu uandikishaji wa wanachama kabla hata chama hakijakaa mkutano wa kwanza. Wakenya kwenye kundi walicheka sana. Walidhani kugombania chama kabla hakijasimama ni utaalamu wa Nairobi peke yake. Mimi bado nakitazama chama hicho kwa mbali. Watu wake wanasema yaliyo moyoni mwangu, lakini sijui nikiwapa funguo za nyumba kama watakubaliana nani afungue mlango.

Na wapo, tena ndio wengi, wanaosema hatutoki kabisa. Uchaguzi wa 2024 waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Mtu akitoka zamu ya usiku, kituo cha kura kina ushindani mkubwa na kitanda.

Vyama vya wafanyakazi navyo vinatazama mlango. Wafanyakazi wa mikate waliondoka kwenu 2021. Unite, moja ya nguzo zenu za fedha, Julai mwaka huu ilipiga kura kuusimamisha uanachama wa Angela Rayner na kuupitia upya uhusiano wake nanyi, kwa sababu ya wazoa taka wa Birmingham walio kwenye mgomo kamili tangu Machi dhidi ya halmashauri inayoongozwa na Labour.

Najua mtakavyonijibu, maana nimekwisha kujibiwa hivyo milangoni na kwenye chai ya baada ya mkutano.

Mtasema: mkituacha, Farage ataingia. Waheshimiwa, hiyo si sababu ya kuwachagua, ni kitisho. Na Oktoba mwaka huu wapiga kura wa Caerphilly, Wales, walikijibu. Kiti kile cha Senedd, yaani Bunge la Wales, kilikuwa chenu tangu Bunge hilo lianze 1999. Watu waliotaka kumzuia Reform walimpa mgombea wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Wales, asilimia 47, Reform wakapata 36, ninyi 11. Walimzuia Farage bila ninyi. Kuhusu kugawa kura, kumbukeni jimbo la Chingford na Woodford Green: mlimwengua mgombea wenu Faiza Shaheen wiki chache kabla ya uchaguzi wa 2024, akasimama peke yake, kura zikagawanyika karibu nusu kwa nusu kati yake na mgombea wenu mpya, na Iain Duncan Smith wa Conservative akapita katikati. Aliyegawa kura hapo si mpiga kura.

Mtasema hakuna fedha, mlikuta shimo. Mlilikuta, sikatai. Lakini kumwacha mlezi abadilishe mwajiri bila kufukuzwa nchini hakuhitaji hazina. Kutobadilisha miaka mitano kuwa 15 hakugharimu hata karatasi.

Mtasema mmefanya mengi. Kweli. Kima cha chini ni pauni 12.21 kwa saa na Aprili kitakuwa 12.71. Wapangaji hawatafukuzwa tena bila sababu kuanzia Mei. Mmetangaza kuondoa ile sheria ya 2017 ya kuwanyima posho watoto kuanzia wa tatu, ambayo Julai 2024 mliwasimamisha wabunge wenu saba kwa kuipinga. Mngewasikiliza siku ile, mngekuwa mmeokoa mwaka na zaidi. Kila jema mnalifanya baada ya kuburuzwa, kwa hiyo sifa wanapata waliowaburuza.

Na mtasema hiki ndicho chama cha wafanyakazi, hakuna kingine. Kilipoundwa Februari 1900, huko London, wafanyakazi walikuwa na chama kingine walichoambiwa ndicho chao, Liberal. Walikaa humo, wakaomba nafasi, wakaambiwa wasubiri, wakatoka. Keir Hardie, mwasisi wenu aliyeingia mgodini akiwa na miaka 10, hakuombwa radhi na yeyote kwa kugawa kura. Mwaka 1906 walikuwa na wabunge 29. Waliokulia Tanzania kama mimi wanajua jinsi chama kinavyozoea kujiona ndicho nchi. Ninyi hamna udhuru huo, mlizaliwa kwa kuhama.

Kwa hiyo, naomba yafuatayo:

(a) Pendekezo la miaka 15 liondolewe kwa wote waliokwisha kuwapo nchini kwa viza ya kea. Maoni bado yanapokelewa. Chama kina nafasi ya kusema, kiseme hadharani.

(b) Viza ya mlezi ifungwe kwa sekta, isifungwe kwa mwajiri, ili mtu aweze kuhama kazi bila kuhamishwa nchi.

(c) Hati ya mshahara ya kila mlezi wa majumbani ionyeshe muda wa kusafiri kwa mstari wake, na halmashauri zinazoongozwa na Labour ziwe za kwanza kukataa mikataba isiyoulipa. Hili halihitaji kusubiri 2028.

(d) Azimio la 2022 kuhusu mfumo wa uchaguzi liletwe kwenye mkutano mkuu ujao na kiongozi aeleze msimamo wake, ndiyo au hapana.

(e) Katika kila kata yenye wakazi wa Jumuiya ya Madola, waambiwe kwamba wana kura. Hata kama hawatawapa ninyi.

Mei 7, 2026 kuna uchaguzi wa mabaraza ya London na ya miji mingine, wa Bunge la Scotland na wa Senedd. Naomba jibu la maandishi kabla ya hapo, liwe na jina la mtu aliyeliandika. Likija, nitalitafsiri na kulichapisha lote, hata yale yatakayonisema vibaya. Mwezi huo vipeperushi vyenu sitavibeba hadi nitakapolisoma. Ada yangu ya uanachama itaendelea kukatwa hadi mwisho wa Machi. Ya Aprili sijaidhinisha.

Wenu,

Mlezi wa majumbani na mpiga kura,
Midlands ya Mashariki

Nakala: Mbunge wetu, Mwenyekiti wa tawi, Katibu wa chama chetu cha wafanyakazi, wanakundi wa michango ya misiba, kwa ruhusa ya admini.